Takrima Yenye Ulinzi wa Katiba

Mwaka 2018 mama yangu mdogo, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifungua mabelo ya mitumba katika soko la Karume jijini Dar es Salaam, alinipigia simu akiwa na swali moja. Alikuwa amesikia redioni kwamba mpango wa nchi za Afrika Mashariki wa kuzuia nguo za mitumba umelegezwa kwa sababu Marekani imekasirika, naye akataka kujua ni nani hasa huko Marekani aliyekasirika. "Kwani Trump anaijua Karume, mwanangu?" aliuliza. Nilicheka, nikamwahidi kwamba nitamtafutia jibu, nikidhani ni kazi ya nusu saa. Jibu hilo nimelifuatilia kwa miaka sasa, na limenipeleka mbali sana na mabelo yake.

Jibu la karibu ni hili. Machi 2016 wakuu wa nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, walipokutana Arusha, walielekeza kwamba uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba upunguzwe hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya ukanda huu vipate kupumua. Mwaka mmoja baadaye chama cha wafanyabiashara wa Marekani wanaokusanya na kuuza nguo zilizokwisha kuvaliwa, kinachojulikana kwa kifupi chake cha SMART, kiliwasilisha malalamiko katika Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, ambayo ni sehemu ya ofisi ya rais mwenyewe. Chama hicho kilidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani zilikuwa hatarini, kikaomba kitumike kifungu cha sheria ya AGOA ya mwaka 2000, ile inayoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, kinachotaka nchi inayonufaika iwe inaondoa vikwazo dhidi ya biashara ya Marekani. Kenya, yenye viwanda vingi vya kushona nguo za kuuza huko, ilijitoa mapema kabisa. Tanzania na Uganda zilirudi nyuma mwanzoni mwa mwaka 2018. Rwanda ilikataa, na tarehe 30 Julai mwaka huo nguo zake ziliondolewa katika msamaha ule kwa tangazo lililotiwa saini na rais.

Trump, kwa hiyo, huenda hajawahi kuisikia Karume, wala hakuhitaji kuisikia. Kilichonishangaza ni udogo wa chama chenyewe, ambacho Wamarekani wengi hawajui hata kama kipo. Hakukuwa na bahasha iliyopita chini ya meza. Sheria ilikuwa imeacha mlango wazi, chama kikaingia kwa mlango huo mchana kweupe, na vikao vya kusikiliza malalamiko vikafanyika hadharani. Mama mdogo, sina budi kusema, alifurahi sana, maana karo za wanawe zimetoka kwenye mabelo hayohayo. Mimi nilibaki nikijiuliza: ikiwa chama kidogo namna hii kinaweza kuuvuta mkono wa rais hadi ukafika Kigali, wenye mafuta, wenye dawa na wenye mabenki wanauvuta hadi wapi?

Watu wengi wanaoandika juu ya jambo hili kwa Kiswahili hukimbilia neno rushwa, na mimi nilianza nalo pia. Nimeliacha, kwa sababu lina upungufu mmoja mkubwa: rushwa ni kosa la jinai, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa si kosa. Neno lililonifaa zaidi ni takrima. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kwamba mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ili ukarimu wa kimila unaofanywa na mgombea kwa nia njema usihesabiwe kuwa rushwa, na kwamba mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa hoja kwamba vinabagua kati ya mgombea mwenye nacho na asiye nacho. Tabia yenyewe haikuisha, na kila aliyewahi kukaa karibu na kura za maoni anajua hivyo. Lakini walau mahakama ilisema wazi kwamba jambo hili ni baya. Marekani ilikwenda upande wa pili. Mahakama yake iliichukua takrima na kuipa ulinzi wa Katiba.

Safari hiyo ilianza zamani, na ilianza kwa namna ya ajabu. Mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Wamarekani waliingiza katika Katiba yao Marekebisho ya 14, ambayo shabaha yake kuu ilikuwa kuwahakikishia watu weusi waliotoka utumwani kwamba kila mtu analindwa na sheria kwa usawa. Miaka 18 baadaye kampuni ya reli ya Southern Pacific, ambayo watu wa California walikuwa wakiiita Pweza kwa jinsi minyiri yake ilivyoshika kila kitu katika jimbo lao, ilifika Mahakama ya Juu ikigombana na wilaya ya Santa Clara kuhusu kodi. Kabla ya hoja kuanza, Jaji Mkuu Waite alisema kwamba mahakama haihitaji kusikiliza mabishano kama neno "mtu" katika marekebisho yale linahusu pia makampuni, kwa kuwa majaji wote wanakubali kwamba linahusu. Hukumu yenyewe haikuamua suala hilo hata kidogo. Lakini mwandishi wa taarifa za mahakama, Bancroft Davis, ambaye katika maisha yake aliwahi kuwa rais wa kampuni ya reli, aliyaweka maneno ya jaji katika muhtasari unaotangulia hukumu, na vizazi vya mawakili vikaunukuu muhtasari kana kwamba ni hukumu. Sisi tunaosema kwamba mali bila daftari huisha bila habari tungemheshimu mtu huyu, maana alijua nguvu ya anayeshika daftari.

Kipindi kilichofuata nitakipita haraka. Mwaka 1896 Mark Hanna, mfanyabiashara wa Ohio aliyeendesha kampeni ya urais ya William McKinley, aliyadai mabenki robo ya asilimia moja ya mtaji wao kama mtu anayekusanya kodi, na kampuni ya Standard Oil ikatoa dola 250,000. Mwaka 1907, baada ya kufichuka kwamba makampuni ya bima ya maisha ya New York yalikuwa yakipeleka fedha za wateja wao kwenye kampeni, Bunge lilipitisha sheria iliyokataza makampuni kuchangia kampeni za ngazi ya taifa. Rais aliyeitia saini, Theodore Roosevelt, alikuwa mwenyewe ameshinda uchaguzi wa mwaka 1904 akiwa na michango mikubwa ya matajiri walewale. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Henry Clay Frick wa chuma cha pua, alilalamika baadaye kwamba walimnunua yule bwana lakini hakukubali kukaa akiwa amenunuliwa.

Mwaka 1971 ndio ninaouona kuwa kichwa cha mto. Agosti mwaka huo wakili wa Virginia, Lewis Powell, aliyekuwa pia katika bodi ya kampuni ya sigara ya Philip Morris, aliuandikia uongozi wa Chemba ya Biashara ya Marekani waraka wa siri akisema kwamba mfumo wa uchumi huria unashambuliwa vyuoni, katika vyombo vya habari na mahakamani, na kwamba wafanyabiashara waache kuona haya, wajipange, wawe na fedha za muda mrefu, na wakumbuke kwamba mahakama huenda ndiyo silaha kubwa kuliko zote. Miezi miwili baadaye Rais Nixon alimteua Powell kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Sisemi kwamba kulikuwa na njama, kwani waraka wenyewe ulikuja kujulikana baada ya Powell kuthibitishwa. Ninachosema ni kwamba aliyeandika ushauri ndiye aliyepewa nafasi ya kuutekeleza. Mwaka 1976 mahakama hiyo iliamua kwamba kutumia fedha katika siasa ni namna ya kusema, na kwa hiyo matumizi ya mgombea hayawezi kuwekewa kikomo. Mwaka 1978, kwa kura 5 dhidi ya 4, katika kesi ya benki moja ya Boston, ikaamua kwamba makampuni nayo yana haki ya kutumia fedha kushawishi kura za maoni za wananchi. Hukumu hiyo iliandikwa na Powell.

Baada ya hapo ilibaki hatua moja, nayo ilichukuliwa tarehe 21 Januari 2010 katika kesi ya Citizens United, tena kwa kura 5 dhidi ya 4: makampuni na vyama vya wafanyakazi viwe huru kutumia fedha bila kikomo kumpigia debe au kumpinga mgombea, almradi visimkabidhi mgombea mkononi. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufaa ya Washington ikaongeza kwamba kamati huru zinazofanya kazi hiyo zinaweza kupokea michango isiyo na kikomo, na hapo zikazaliwa kamati ambazo Wamarekani huziita super PAC. Mwaka uleule Tanzania ilipitisha Sheria ya Gharama za Uchaguzi iliyoweka ukomo wa matumizi ya wagombea. Tuliisimamia vibaya, lakini mwelekeo ulikuwa huo.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya Washington peke yake atazame Kivu. Julai 2010 Rais Obama alitia saini sheria kubwa ya kurekebisha sekta ya fedha, na ndani yake kulikuwa na kifungu nambari 1502, kilichoyataka makampuni yaliyosajiliwa katika masoko ya hisa ya Marekani kuchunguza kama bati, tantali, tangsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi za jirani, na kueleza kama zimewanufaisha wenye silaha. Wachimbaji wadogo wa Kivu waliiita sheria ya Obama, na hawakuiita kwa mapenzi, kwa sababu wanunuzi wengi waliona heri kukimbia kuliko kuchunguza, na watu wakakosa chakula. Lawama hiyo ni ya haki, na waliotunga kifungu kile wangepaswa kuwasikiliza watu wa Masisi na Walikale kwanza. Makampuni lakini hayakwenda mahakamani kuwatetea wachimbaji. Chama cha Taifa cha Wenye Viwanda, pamoja na Chemba ileile aliyoiandikia Powell, vilidai kwamba kuilazimisha kampuni itamke kwamba bidhaa zake hazijathibitika kuwa hazina uhusiano na vita vya Kongo ni kuuvunja uhuru wake wa kusema. Aprili 2014 mahakama ya rufaa ilikubaliana navyo katika hoja hiyo, na jaji akaandika kwamba sharti hilo linaifanya kampuni ikiri kuwa na damu mikononi.

Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Ule uhuru ambao mwaka 2010 uliyapa makampuni haki ya kusema bila kikomo, mwaka 2014 ukayapa haki ya kunyamaza.

Hapa msomaji makini ataniuliza kama fedha kweli hununua urais, na jibu langu ni kwamba hazinunui, au hazinunui kwa uhakika. Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni mwake mwaka 2020 akitafuta uteuzi wa chama cha Democratic, na mahali pekee aliposhinda ni visiwa vya American Samoa. Kamala Harris alikusanya zaidi ya dola bilioni 1 katika miezi mitatu hivi ya mwaka 2024, akashindwa. Aprili 2025 Elon Musk na makundi yanayofungamana naye walimwaga zaidi ya dola milioni 20 katika uchaguzi wa jaji mmoja tu wa jimbo la Wisconsin, na mgombea wao akaanguka kwa tofauti ya asilimia 10 hivi. Wapiga kura wa Marekani si mbuzi wa mnadani. Ndiyo maana nadhani wanaotazama kampeni peke yake hutazama mahali pasipo na biashara yenyewe. Biashara iko kwenye sentensi za sheria, na sentensi hupatikana usiku.

Chukua usiku wa tarehe 22 Novemba 2003. Rais George W. Bush alitaka sheria ya kuwalipia wazee gharama za dawa chini ya mpango wa bima ya afya uitwao Medicare, jambo ambalo wazee walilihitaji kwa kweli. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachoikataza serikali kuingilia mazungumzo ya bei na watengenezaji wa dawa, yaani mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini alikatazwa kuomba apunguziwe bei. Hata anayenunua fulana moja Karume hupatana. Kura katika Baraza la Wawakilishi ilifunguliwa saa 9 usiku, na kwa kawaida huchukua dakika 15. Viongozi wa Republican walipoona wanashindwa waliiacha wazi kwa karibu saa 3, huku wabunge wakifuatwa mmoja mmoja ukumbini na rais mwenyewe akiamshwa kuwapigia simu, hadi kulipokaribia kupambazuka matokeo yakageuka kuwa 220 kwa 215. Mwaka uliofuata kamati ya maadili ilimpa onyo kiongozi wa wabunge wa chama hicho, Tom DeLay, kwa kumwahidi mbunge mmoja kwamba angemuunga mkono mwanawe katika uchaguzi endapo angebadili kura. Ikajulikana pia kwamba mtaalamu wa hesabu wa Medicare, aliyekuwa amekadiria kuwa mpango huo ungegharimu zaidi ya dola bilioni 500 badala ya zile 400 walizoambiwa wabunge, alitishiwa kufukuzwa kazi kama angewaambia. Naye Billy Tauzin, mwenyekiti wa mojawapo ya kamati zilizoiandaa sheria, alipostaafu ubunge mwanzoni mwa mwaka 2005 alikwenda kuwa mkuu wa PhRMA, chama cha makampuni ya dawa.

Watetezi wa Democratic hupenda kuisimulia hadithi hii hadi hapo wakaikata. Mwaka 2008 Barack Obama alimsema Tauzin katika tangazo la kampeni kama mfano wa kila kilichooza Washington. Mwaka 2009, akiwa rais na akihitaji makampuni ya dawa yasiipinge bima yake ya afya, wasaidizi wake walikaa na Tauzin huyohuyo na kukubaliana: makampuni yangechangia punguzo la dola bilioni 80 kwa miaka 10, na Ikulu isingedai haki ya kujadili bei. Katazo lile lilianza kuvunjwa mwaka 2022, chini ya Biden, tena kwa dawa 10 tu za kwanza, na bei zao mpya zimeanza kutumika Januari 2026. Marais watatu walikuwa wamekwisha kupita juu ya sentensi ile ikiwa nzima.

Sasa mkondo umegeuka kwa namna ambayo sikuitarajia. Musk alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumrudisha Trump Ikulu mwaka 2024, na tarehe 20 Januari 2025 wenye Amazon, Meta na Google walikaa kwenye sherehe za kuapishwa mbele ya watu walioteuliwa kuwa mawaziri. Wengi waliandika kwamba makampuni yameichukua serikali. Lakini kufikia Juni Musk na rais walikuwa wakitukanana hadharani, na rais alitishia kuzifuta kandarasi za serikali za makampuni yake. Agosti rais alimtaka mkuu wa Intel ajiuzulu, na wiki mbili baadaye serikali ikachukua karibu asilimia 10 ya kampuni hiyo. Mwezi huohuo Tim Cook wa Apple alifika ofisini kwa rais na kisahani cha kioo kilichosimama juu ya kitako cha dhahabu ya karati 24, akakifungua mbele ya kamera, siku ambayo rais alitangaza ushuru wa asilimia 100 kwa chipu za kompyuta na kusema kwamba makampuni yanayojenga Marekani, Apple ikiwamo, hayataulipa. Huyu hanunui tena. Huyu ni mfanyabiashara anayepeleka zawadi kwa sultani ili jahazi lake lipite forodhani.

Nilimwonyesha mama mdogo picha ya kisahani kile kwenye simu, naye akaitazama kwa jicho la mtu anayekagua belo, akauliza kama dhahabu ile ni ya kweli. Nikamwambia ni ya kweli. Akakumbuka swali lake la zamani, akauliza wale watu wa mitumba walimpelekea rais nini hata akawafanyia lile jambo la Rwanda. Nikamwambia kwamba katika makabrasha yote niliyoyasoma nimeona barua ya malalamiko, mama, na watu wa kuifuatilia.

"Barua?" akasema, akanirudishia simu yangu.

Hakuniamini.